Taa Isiyotaka Kuzimwa

Mama Stoo alikuwa anasukuma benchi la mwisho kuelekea mlangoni. Asubuhi za mvua kazi ilikuwa ndiyo hiyo: mabenchi yote yasogezwe upande wa mlango, maana huko ndiko kulikokuwa na mwanga, na bila mwanga watoto wa shule ile hawakuwa na njia ya kusema wala ya kusemeshwa. Walikuwa viziwi wote, wakubwa kwa wadogo. Walizungumza kwa mikono na kwa uso. Giza likiingia walikuwa kama watu waliozibwa midomo.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la magunia zamani. Walihamishiwa humo mwanzoni mwa mwaka, baada ya jengo la madarasa kupasuka ukuta na kufungwa kwa muda. Huo muda, kila aliyewahi kushughulika na ofisi anaujua ulivyo. Ghala lilikuwa na vidirisha vidogo juu kabisa, karibu na mabati, na katikati zilining'inia taa nne kubwa zenye vifuniko kama sufuria zilizofudikizwa. Tangu wahamie, hakuna hata moja iliyowahi kuwaka.

Mabenchi yalipobanana mlangoni, watoto wa mbele wakaanza kurushiwa matone ya mvua. Binti yake Mama Stoo alisimama juu ya kiti ili wenzake wa nyuma wamwone mikono. Alikuwa kiranja, yuko darasa la mwisho. Shuleni walimwita Kishimo, na jina hilo halikutamkwa, lilichorwa: kidole kikigusa shavu pale anapobonyea akicheka.

"Mama, mgeni anakuja leo?" aliuliza kwa mikono.

"Mchana," Mama Stoo akajibu kwa mikono. "Waambie wenzako wavae sare safi."

"Taa je?"

"Naifuata sasa hivi."

Mgeni mwenyewe alikuwa mkaguzi. Barua yake ilikuwa fupi: anakuja kuona kama ukumbi unafaa kuwa darasa na chumba cha mtihani. Usipofaa, watoto wagawanywe katika shule za kawaida zilizo karibu na kwao. Yaani Kishimo arudi shule ile ya mwanzo, ambako alikaa dawati la nyuma mwaka mzima akichora kuku, mwalimu akiandika ubaoni huku amewapa mgongo, na mwisho wa mwaka wakamwita mama yake kumwambia kwa upole kwamba mtoto ni mzito wa akili. Mama Stoo hakuwa amesahau upole ule. Ulimuuma kuliko tusi.

Akachukua balbu moja ya zamani ambayo mlinzi alikuwa ameishusha kwa ngazi, akaifunga kwenye kanga, akatoka na mvua yake.

*

Ofisa wa ununuzi wa halmashauri alikuwa mtu wa utani, na hilo ndilo lililokuwa baya lake. Ukiingia kwake umekasirika, unatoka unacheka, na ulichokifuata hukukipata.

"Mama Stoo! Umeniletea mtoto?" alisema alipoona kile kifurushi cha kanga.

"Balbu, bosi. Za ukumbini. Mkaguzi anakuja leo."

"Leo hii? Na nyinyi mnanijia leo hii?"

"Tulikuja mwezi uliopita. Na ule mwingine."

"Haya, haya, yaliyopita tuyaache." Akainuka, akafungua kabati la chuma, akatoa katoni yenye vumbi. "Bahati yako nzuri. Hizi zilibaki za taa za barabarani. Chukua zote."

Mama Stoo akatoa moja. Ilikuwa nyembamba, ndefu, haifanani na ile ya kwenye kanga iliyokuwa na tumbo kama papai.

"Hazifanani, bosi."

"Wewe na mimi tunafanana?" Akacheka. "Balbu ni balbu, mama. Kitako si kile kile? Ukizungusha si inaingia? Basi, kazi imekwisha."

Kitako kweli kilikuwa kile kile. Mama Stoo alikuwa mtunza stoo, kazi yake kupokea unga na sabuni na kuhakikisha panya hawawahi kabla ya watoto. Mambo ya taa hakuyajua. Angeweza kurudi na katoni yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alikuwa na wasiwasi wa mtu aliyepewa kitu haraka mno, kwa hiyo badala ya kurudi shuleni akakata kona kwenda kwa Fundi Shoti.

*

Fundi Shoti alipata jina hilo siku aliyozima mtaa mzima kwa bisibisi moja, na wala halikumpunguzia wateja. Duka lake lilikuwa jembamba kiasi kwamba mnunuzi mmoja akiingia, mwingine husubiri nje. Alizipokea balbu mbili, akazishika moja mkono huu na nyingine mkono ule.

"Hii ya kwako ya zamani ni ya zebaki. Hii ya katoni ni sodiamu, ile inayotoa mwanga wa njano. Nani kakwambia ni kitu kimoja?"

"Ofisi."

"Aa." Alisema hivyo tu, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa habari za msiba wa mbali. "Na choki zake ziko wapi?"

"Choki si za tyubu? Hizi ni balbu."

"Dada yangu, kaa hapo." Akampangusia kigoda. "Balbu ya nyumbani ina kiwaya ndani. Umeme ukipita, kile kiwaya chenyewe kinaubana, kinasema basi, inatosha. Sawa? Hii haina kiwaya. Ina gesi. Gesi mwanzoni inakataa umeme, haitaki kabisa, kama mtoto na dawa. Ikishakubali sasa, balaa! Kadiri inavyopata ndivyo inavyotaka zaidi. Inavuta, inavuta, inavuta, sekunde tu, paa! Vioo vya moto vichwani mwa watu."

Mama Stoo akashika mdomo. Alikuwa ameviona vichwa chini ya taa zile.

"Sasa choki, wengine wanaiita balasti, ndiyo inayoishika shati. Kipande kizito cha chuma na waya wa shaba, hakina uzuri wowote. Kila umeme ukitaka kukimbia, choki inauvuta nyuma. Taa bila choki ni gari bila breki kwenye mteremko. Na si choki yoyote tu. Taa ndogo ukiipa choki kubwa, inalishwa kupita kiasi, inaungua. Kubwa kwa choki ndogo, inawaka kinyonge au haiwaki. Na hii sodiamu inataka kifaa kingine tena cha kuipiga teke iamke, ndani ya taa zenu sidhani kama kipo. Ukiifunga pale itakukodolea macho tu."

"Nikifunga choki zake na hicho kifaa, je? Hizi nimepewa bure."

"Zitawaka. Na zinadumu kuliko zebaki, siwezi kukudanganya. Lakini kila kitu kitakuwa njano. Nguo njano, ukuta njano, mtu humjui kama kakasirika au anacheka."

Mama Stoo akatikisa kichwa kabla hajamaliza. "Haifai. Kwa watoto wetu uso ni nusu ya maneno. Swali linaulizwa kwa nyusi, fundi. Usipoziona, hujui kama umeulizwa au umeambiwa."

Fundi Shoti akaiweka kando ile ya sodiamu. Kisha akasema basi ni zebaki nyeupe, na choki za zebaki, za ukubwa ule ule ulioandikwa kwenye kitako cha ile balbu ya zamani. Alipotaja bei, akaomba radhi hapo hapo, kwamba imepanda tena wiki hii, kwamba hata yeye analia.

Mama Stoo alirudi ofisini akikimbia. Ofisa akamsikiliza vizuri, akaitikia kwa kichwa, kisha akaeleza kwa subira kubwa kwamba balbu ni kitu cha kutumika kikaisha, hiyo anaweza kuitoa yeye mwenyewe. Choki ni chuma. Chuma hakiishi. Kwa hiyo choki ni mali ya kudumu, na mali ya kudumu hupitishwa na kamati, na kamati imeshakaa.

"Itakaa tena lini?"

"Mwaka mpya wa fedha ukianza, Mungu akipenda."

"Bosi, bila choki taa inapasuka."

"Ikipasuka njoo, nitakupa nyingine. Balbu ninazo." Na safari hii hakuwa anatania.

*

Kilichofuata Mama Stoo hakuwahi kukisimulia ofisini. Alirudi kwa Fundi Shoti, akamweleza alivyojibiwa, akaweka katoni ya ofisi juu ya meza yake, akasema, "Chukua hizi, nipe za zebaki na choki zake." Ilikuwa mali ya serikali, na kwa kosa kama hilo mtu humwaga unga asubuhi na kulala ndani jioni.

Fundi aliitazama katoni, akamtazama yeye.

"Unajua nitamuuzia nani hizi? Ofisi hiyo hiyo. Taa za barabarani zikiungua wanatuma kijana kwangu." Akaanza kucheka, lakini alipoona mwenzake hacheki akajirudi. "Twende. Choki mpya sitaweza kukupa, dada, hapo utaniua. Lakini tupande tuone za zamani. Chuma hakiishi, kama alivyosema bosi wako, huenda kuna kilichobaki hai."

Kilikuwepo. Ukumbini Fundi alipanda ngazi huku Kishimo na wenzake wameishikilia miguu, akafungua taa moja baada ya nyingine. Choki mbili zilikuwa zimeungua, nyeusi, zina harufu ya lami. Inaelekea enzi za magunia mtu fulani aliwahi kuzungusha balbu isiyo yake kwa kuwa kitako kiliingia. Mbili zilikuwa nzima. Akazipima, akazipangusa, akafunga chini yake balbu mbili nyeupe zenye matumbo.

"Washa."

Mama Stoo akabonyeza swichi ya karibu na mlango. Hakuna kitu. Kisha ndani ya matumbo yale pakaonekana wekundu hafifu, ukageuka zambarau, mnyonge kama mtu aliyetoka homani.

"Inaumwa?" Kishimo akauliza kwa mikono.

"Inaamka," mama yake akajibu.

Ikaamka polepole. Baada ya dakika chache ukumbi ulikuwa mweupe mpaka pembeni kulikokuwa na buibui wa enzi za magunia. Watoto wakatawanyika. Tangu wahamie walikuwa wakijibana mlangoni, sasa mmoja akakimbilia ukuta wa mwisho kabisa, akageuka, akamsemesha rafiki yake aliyekuwa upande wa pili, na rafiki yake akamjibu. Kisha wote wakaanza. Mikono ikapanda kila mahali. Wakasemeshana kutoka kona hadi kona, kwa pupa, mambo ya kipuuzi tu, nani kamchukulia nani kalamu, na Mama Stoo akasimama katikati yao na machozi yakimtoka bila kuyafuta. Alifurahi. Kusema kweli tangu amzae mtoto yule hakuwa amefurahi hivyo.

Fundi alikuwa anafunga mkoba wake.

"Sikiliza, dada, jambo moja la muhimu. Ukishaiwasha usiizime. Ikizimwa ikiwa moto, gesi inakataa, hata ubonyeze vipi. Mpaka ipoe ndipo iamke tena, dakika kumi hivi. Mgeni wako akija, aikute inawaka."

Mama Stoo alilishika neno hilo kama roho yake. Alikwenda kwa Mkuu wa shule, akamwambia: Mwalimu, taa isizimwe. Mkuu, ambaye kwa kawaida hupita akizima taa mchana na usiku kwa ajili ya bili, akakubali, leo tu. Mama Stoo akamwambia kila mwalimu. Akaenda jikoni akawaambia wapishi. Akamwambia mlinzi, na mlinzi akarudia maneno yale ili yasimpotee. Kisha akamwagiwa kazi nyingine, chai ya mgeni, ufunguo wa choo cha wageni, na saa ikafika.

*

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vilivyolowa, na dereva wake aliliacha gari likinguruma kwa sababu walikuwa na shule nyingine ng'ambo ya mto na mto ulikuwa unajaa. Mkuu akampokea kwa mwavuli. Mama Stoo akawafuata nyuma na trei ya chai.

Kutoka uani mlango wa ukumbi ulionekana mweupe kabisa katika mvua ile. Mkaguzi akauona. Hata akasema, "Kumbe mna taa."

"Tuna taa, mheshimiwa," Mkuu akasema, na sauti yake ilijaa fahari.

Ndani watoto walikuwa kwenye maongezi yao, nyuso kwa nyuso, hakuna aliyemwona mgeni. Aliyemwona ni Kishimo, peke yake, akiwa karibu na mlango kama kiranja anavyopaswa. Sasa, watoto wasiosikia huwezi kuwapigia makofi wala kuwaita. Katika jengo la zamani, mgeni akiingia, kiranja alizima taa na kuiwasha mara moja, na macho yote yakainuka. Ndiyo adabu waliyofundishwa tangu wakiwa wadogo. Kishimo akavuta sketi yake, akanyoosha mabega, akatabasamu mpaka shavu likabonyea, akainua mkono kwenye swichi.

Mama Stoo aliuona ule mkono. Akapiga kelele. Aliita jina la nyumbani la mwanawe kwa sauti yote aliyojaliwa, trei ikamponyoka, vikombe vikavunjika, na kila mwenye masikio pale akageuka.

Kishimo akazima, akawasha.

Ukumbi ukaingia giza la ghala. Kishimo akabonyeza tena, na tena, akiwa bado anatabasamu, kisha hatabasamu. Gizani hakuna mtoto aliyejua kilichotokea, wala hakuna aliyeweza kumuuliza mwenzake. Wadogo wakaanza kulia, kwa ile sauti yao ambayo hawaisikii wenyewe.

"Ni dakika kumi tu, mheshimiwa," Mama Stoo alisema. Alikuwa amepiga magoti kwenye vigae vya vikombe bila kujua. "Inapoa tu. Ikipoa inawaka. Umeiona mwenyewe ilikuwa inawaka."

"Niliiona, mama."

"Basi subiri kidogo. Nakuomba kama mama mwenzangu."

Mkaguzi akatazama saa, akatazama mvua, akatazama juu kwenye zile sufuria nne nyeusi. "Siku ya mtihani ikizimika hivi, mtihani utasubiri dakika kumi? Taa ya kubembelezwa si taa ya darasa. Mimi naandika ninachokikuta." Kisha, kwa sauti ya chini, kwa upole, akaongeza, "Huko kwenye shule za kawaida wataangaliwa vizuri. Walimu wetu wanajitahidi."

Dereva akapiga honi. Mkuu akamsindikiza na mwavuli hadi garini, akiongea njia nzima, na mkaguzi akiitikia njia nzima, na mlango wa gari ukafungwa.

Mama Stoo akabaki pale pale chini. Ndipo hesabu ya watu aliowaambia ilipompitia kichwani, mmoja mmoja: Mkuu, walimu, wapishi, mlinzi. Aliwaambia wote wanaosikia. Watoto wenyewe, wenye taa, hakuna aliyewaambia. Hata yeye, mwenye mikono inayosema, mama wa kiranja. Shule nzima ya viziwi, na jambo la maana lilipokuja lilizunguka kwa midomo, likapita juu ya vichwa vyao kama siku zote.

*

Taa ziliamka zenyewe. Wekundu, zambarau, kisha weupe ukajaa. Gari lilikuwa halijafika mbali, pengine hata daraja lilikuwa halijalivuka.

Kishimo alikuwa amesimama palepale karibu na swichi, mikono ameificha mgongoni kama mtoto aliyekamatwa akiiba. Mwanga ulipotosha aliitoa.

"Nimekosea nini?"

Mama Stoo angeweza kusema umeme ulikatika. Ulikuwa uongo mdogo na ungemtosha mtoto kwa siku nyingi. Akainuka, akapangusa magoti, akasema kwa mikono, "Hukukosea. Sisi hatukukwambia. Njoo nikwambie."

Watoto wengine walipoona mikono inasema jambo zito wakasogea, wakamzunguka, wadogo wakakaa chini mbele. Akawaeleza taa. Choki hakujua inasemwaje kwa mikono, kwa hiyo akamshika Kishimo shati kwa nyuma akamwambia akimbie, na Kishimo akavuta, akavuta, na hakufika popote, na watoto wakaelewa. Wawili watatu wakaanza kushikana mashati. Akawaeleza gesi inavyokataa na inavyokubali. Akawaeleza kwa nini ikizimwa inagoma. Mtoto mmoja mdogo akauliza kama taa imekasirika, na Kishimo, macho yakiwa bado mekundu, akamjibu kwamba hapana, imechoka tu.

Hakuwaambia bado kwamba watafunga mabegi na kugawanywa katika shule za kawaida. Hilo lingekuja. Alitaka kwanza wamalize hili.

Mkuu akarudi, mwavuli umefungwa, suruali imelowa hadi magotini. Akasimama mlangoni akiutazama ule mduara chini ya mwanga ambao haukuwa na kazi tena.

"Mama Stoo," alisema. "Zima hizo taa. Bili hiyo."

Watoto walikuwa wamempa kisogo, wameikazia macho mikono ya Mama Stoo.

"Mama Stoo! Zima taa, nimesema!"

Mtoto mmoja alikuwa ameuliza swali. Mama Stoo akainama ili amwone uso vizuri, akaanza kumjibu.